Moyo Uliosikika Saa Nne Asubuhi

Kila kundi la wanafunzi wa uuguzi na ukunga lililoletwa leba kwa mafunzo ya vitendo lilimkuta Sista Kifundo amesimama mlangoni, mikono nyuma, akiwakagua kuanzia kucha hadi viatu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi, na sababu yake mgeni aliijua kabla saa ya kwanza haijaisha. Ukiinama na kile kipembe cha mbao kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, mkono wako mmoja lazima uwe kwenye kifundo cha mkono wa mama. Ukisahau, utaitwa kutoka upande wa pili wa wodi, na wanawake wenye uchungu wataacha kuguna kidogo wamwangalie anayegombezwa.

"Kifundo!"

"Samahani, Sista."

"Samahani haishiki mkono."

Bwenini walimwigiza mpaka wakalia kwa kicheko. Lakini walimheshimu, maana alijua kazi, na mkali anayejua kazi huvumilika. Alikuwa na sheria nyingine aliyoisisitiza karibu sawa na hiyo ya kwanza: kosa kwenye chati halifutwi wala halipakwi wino mweupe. Linapigwa mstari mmoja, libaki linasomeka, kisha pembeni unaandika lililo sahihi, unatia saini na tarehe. "Mficha uchi hazai," aliwaambia, na wao wakatazamana, kwa sababu methali hiyo ikisemwa leba huwa na uzito wake.

Mara kwa mara alijitokeza mwanafunzi jasiri wa kuuliza kwa nini kifundo. Jibu lilikuwa moja miaka yote. "Mama mwenye uchungu anahitaji mkono wa mtu." Lilikuwa jibu zuri. Wakubwa nao walilipenda, na mwaka mmoja wakampa cheti cha huruma kwa wagonjwa, kikawekwa fremu na kutundikwa ukutani karibu na meza ya wauguzi. Sista Kifundo alipita chini ya cheti kile mara arobaini kwa siku, na mara zote arobaini aliangalia sakafu. Jibu lake lilikuwa zuri, na lilikuwa uongo.

Leba ile ilikuwa na vitanda vinane, vimetenganishwa kwa mapazia ya kijani yaliyopauka kwa kufuliwa. Kitanda cha sita kilikaa chini ya dirisha. Godoro lake lilishabadilishwa mara nne, hata chuma chenyewe kiliondolewa kikaletwa kipya chenye magurudumu, lakini mahali palikuwa palepale, na yeye hakuwahi kupapita bila kuhesabu kitu: hatua, vigae, pumzi zake mwenyewe. Nyuma ya ukuta huo kilikuwepo chumba cha kuoshea vyombo, na humo bomba lilidondosha maji haraka haraka, bila kupumzika. Alimwita fundi bomba mara tatu. Mara ya tatu fundi alikaza, akafungua, akakaza tena, akajifuta mikono na kumwambia kwa upole wote kwamba bomba lile halivuji, na wala halijawahi kuvuja.

"Mimi nalisikia," alisema Sista.

"Basi ni la jirani," fundi akajibu, akabeba spana zake akaenda.

Nyumbani pia mambo yalikuwa hayohayo. Mumewe, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa mzaha, alishazoea kukuta vidole viwili vya mkewe kwenye kifundo chake wakiwa mezani. "Mama watoto, mimi si wodi yako. Nirudishie mkono nile." Alimrudishia. Hakumwambia kwamba alikuwa anautafuta mwendo fulani wa mapigo, na kwamba kila alipoukosa kwa mtu alishukuru. Miaka yote ya ndoa na kazi, na hilo moja hakumwambia.

Sasa, katika kundi la mwaka huu alikuwepo binti mmoja mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni na kijidaftari kidogo alichokijaza kila alichosikia. Wenzake walimwita Karani. Siku ya kwanza, wenzake walipokwenda kuvaa aproni, Karani alibaki nyuma.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Aproni yako iko wapi?"

"Naenda kuvaa. Mama yangu anakusalimu sana. Alisema nikifika tu nikutafute."

"Mama yako ni nani?"

"Fundi wa nguo, nyuma ya stendi. Alijifungulia hapa kabla sijazaliwa. Mtoto wake wa kwanza, kitanda cha sita. Anasema wewe ulikuwa mwanafunzi kama mimi." Binti alitabasamu kwa aibu. "Anasema wewe ndiye pekee uliyesikia moyo wa kaka yangu. Ndiyo maana mimi nikasomea ukunga."

Sista Kifundo alishika ukingo wa meza. Bomba nyuma ya ukuta likaanza kudondosha. Alisema, "Kavae aproni," na sauti ikatoka kavu hata yeye akaishangaa.

Miaka ishirini na miwili iliyopita Sista alikuwa na miaka ishirini na moja, viatu vya kuazima na daftari la vitendo lenye jalada la bluu. Kila mwanafunzi alitakiwa kuzalisha mara ishirini ndipo aruhusiwe kufanya mtihani, na kila uzazi uandikwe ukurasa wake: mapigo ya moyo wa mtoto, saa, hali ya mama, mwisho saini na mhuri wa msimamizi. Msimamizi wao waliyemwita Sista Mhuri aliweka mhuri mfuko wa kulia na biskuti mfuko wa kushoto. Ijumaa alasiri alirundikiwa madaftari thelathini, akayapiga AMEWEZA, AMEWEZA, AMEWEZA, huku akisimulia habari za harusi ya mpwa wake. Mungu amrehemu, maana alishafariki, lakini kazi aliyoifanya ilikuwa ya kupiga mhuri, si ya kufundisha.

Asubuhi hiyo kitanda cha sita aliletwa mwanamke kijana, mimba ya kwanza, tumbo limekaza na jasho linamtiririka. Vipimo vya presha vilikuwa viwili kwa wodi nzima, wakunga watatu, wanawake kumi na mmoja. Mwanafunzi aliona uzazi wake wa saba umejileta wenyewe. Akachukua kipembe, akaweka sikio, akahangaika huku na huku mpaka akasikia kitu, chini upande wa kushoto, sauti laini yenye kwenda mbio. Akaangalia saa ya ukutani dakika nzima, kama alivyofundishwa. Mia moja ishirini na nne. Moyo wa mtoto mzima hupiga mara mia moja kumi hadi mia moja sitini kwa dakika, kwa hiyo hesabu ilikuwa nzuri, ya kujivunia. Ilikuwa saa nne kamili.

"Anasikika vizuri," alimwambia mama. "Mia moja ishirini na nne."

Mwanamke yule alilia kwa furaha. Alisema tangu alfajiri hakumsikia akicheza na alianza kuogopa. Kisha kwa saa tatu nzima, kati ya uchungu na uchungu, aliongea na tumbo lake. "Umesikia wanasema nini? Uko sawa. Tulia mtoto wa mama, tunamaliza sasa hivi." Mwanafunzi alikuwa anampepea kwa kadi ya kliniki, na yeye mwenyewe akamwambia mtoto aliyemo tumboni, "Njoo bwana, tunakungoja."

Saa saba mtoto alitoka, wa kiume, kimya. Ngozi ya tumbo lake ilikuwa inachubuka ukiigusa. Nyuma yake ikatoka damu nyeusi iliyoganda, nyingi, kisha nyekundu isiyokatika, na hapo ndipo wodi ikakimbia. Mama aliongezwa chupa nne za damu akaponea tundu la sindano. Sista Mhuri alimvuta mwanafunzi mpaka chumba cha kuoshea vyombo.

"Saa nne ulimsikia?"

"Nilimsikia, Sista."

"Basi alikuwa hai saa nne. Andika amefia njiani, wakati wa kuzaliwa." Ijumaa ile ukurasa wa saba ukapigwa mhuri: AMEWEZA.

Jioni yake mama alimshika mkono, midomo yake imepauka. "Wengine wote hawakumjua mwanangu," alisema. "Wewe angalau ulimsikia."

Wiki mbili baadaye, darasani, mkufunzi alisimama ubaoni akasema jambo dogo tu, la kupitia. Mama anayevuja damu kwa ndani, alisema, au mwenye homa kali, moyo wake hukimbia mpaka ukafikia mwendo wa moyo wa mtoto. Kipembe kitakuletea mapigo yake, na wewe utadhani ni ya mtoto. Kwa hiyo sikiliza huku umeshika mshipa wa mama. Yakienda pamoja, hujamsikia mtoto. Umemsikia mama.

Darasa zima liliandika. Mwanafunzi mmoja kalamu ilimkatalia. Adhuhuri alikwenda masjala, akasema anahitaji jalada kwa ajili ya ripoti, akalifungua amesimama. Muuguzi wa mapokezi alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri wa kulala, saa tatu na dakika hamsini: mapigo ya mama, 124. Kwenye karatasi ya pili, kwa mwandiko wake mwenyewe, saa nne: mapigo ya mtoto, 124. Namba mbili zilikuwa zimelala katika jalada moja na hakuna aliyezisoma pamoja. Ndipo akaelewa ile ngozi: mtoto aliyefia tumboni saa nyingi kabla ya kuzaliwa huchubuka hivyo. Mtoto alikuwa amekufa kabla ya alfajiri. Asingeweza kumwokoa, hilo ni kweli, na watu wengi wangejifariji nalo. Lakini kondo la nyuma lilikuwa limebanduka kabla ya wakati, mama alikuwa anavuja damu kwa ndani, moyo wake unakimbia kuomba msaada, na yeye akamwambia mambo ni mazuri. Alimpa saa tatu za kuongea na maiti.

Akalifunga jalada akarudisha. Hakusema siku hiyo, wala kesho yake. Kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Ila tangu hapo hakuinama juu ya tumbo la mwanamke bila kushika kifundo, na alipokuja kuwa msimamizi aliwafundisha wengine vilevile, bila kuwaambia sababu. Ukieleza sababu utaulizwa ulijuaje. Akabuni ile habari ya mkono wa faraja.

Wiki zikaenda. Karani alikuwa mwanafunzi mzuri kupita kiasi, kila saa yuko miguuni pake. Siku za Jumatatu alileta salamu za nyumbani. Mama anauliza hali. Mama amemshonea Sista aproni, hii hapa, ameweka mifuko miwili. Mama akiulizwa ana watoto wangapi husema wanne, watatu waliopo na yule aliyesikika. Sista Kifundo alipokea aproni, akaikunja, akaitia kabatini, na hakuwahi kuivaa. Jioni moja mumewe alimkuta amekaa kitandani na daftari la bluu mapajani, lililokaa chini ya shuka za akiba tangu waoane.

"Hilo nalo unalisahihisha?" mumewe alitania.

"Bado," alijibu, akalirudisha mahali pake.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mchana mweupe, leba imejaa. Kitanda cha sita alikuwepo mama wa mimba ya pili, chupa ya uzazi imepasuka tangu jana, macho mekundu, midomo imekauka. Karani alikuwa ameinama na kipembe. Sista alipita na trei ya vyombo, akawaona, na kwa nukta moja akafarijika: mkono wa kushoto wa binti ulikuwa umeushika mkono wa mama. Alipiga hatua mbili mbele, kisha akarudi. Vidole vya Karani vilikuwa vimesukwa na vidole vya mama, kiganja kwa kiganja, vinabana kwa upendo.

"Umepata ngapi?"

"Mia moja kumi na nane, Sista. Anasikika vizuri." Binti alishachukua kalamu. Mama wa kitanda cha sita alishaanza kutabasamu.

"Kifundo."

"Nimeushika mkono, Sista. Sijauachia hata kidogo."

"Umehesabu?"

Karani alimwangalia bila kuelewa. "Kuhesabu nini?"

Trei ililia kwenye meza. Sista Kifundo aliutoa mkono wa binti kwenye kiganja cha mama, akauweka chini ya kidole gumba cha mama, juu ya mshipa, akabana. "Weka sikio tena. Palepale." Ngozi ya mama ilikuwa ya moto. Karani aliinama. Ilipita nusu dakika, na Sista akauona uso wa mwanafunzi wake ukibadilika upande mmoja, ule uliokuwa juu.

"Yanakwenda pamoja," Karani alinong'ona.

Sista alimpokonya kipembe. Alitafuta juu, akatafuta katikati, akashuka kulia karibu na nyonga, na masikio yake yalikuwa yanavuma kwa lile bomba mpaka akalitukana moyoni, nyamaza, nyamaza leo tu. Likanyamaza. Chini ya ukimya huo akamsikia: mdogo, wa mbali, anapiga mara mbili mbili, polepole mno. Tisini na sita. Mara ya pili, themanini na nane.

"Mwite daktari. Kimbia, usitembee! Mama, mwanao yupo, nimempata, lakini amechoka. Lala ubavu wa kushoto. Dripu, nani ana dripu?"

Dakika ishirini na tano baadaye, nyuma ya mlango wa chumba cha upasuaji, mtoto wa kike alikohoa, akanyamaza, akalia. Wahudumu walicheka kama kawaida yao. Sista Kifundo hakucheka. Alikuwa anafikiria dakika ile ambayo angeweza kuendelea na trei yake. Kila mwanafunzi aliyempitia kwa miaka yote hiyo alikuwa ameondoka na mkono wa faraja, akaenda nao hospitali nyingine, kwenye vitanda ambavyo yeye hatavipita na trei. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

Karani alimkuta kwenye chumba cha kuoshea vyombo, amesimama mbele ya bomba kavu. Binti alifunga mlango nyuma yake. Kijidaftari hakikuwa mkononi.

"Kwa hiyo mkono si wa kumfariji mama," alisema.

"Hapana."

"Ni wa kujua umemsikia nani."

"Ndiyo."

Alikuwa na akili binti huyu, na Sista alimwona akirudi nyuma kwa mawazo, hatua kwa hatua, mpaka akafika kule alikokulia akiambiwa habari za kaka yake.

"Siku ile, Sista. Kwa kaka yangu. Ulishika kifundo?"

Hapo ndipo angeweza kusema amesahau. Miaka ishirini na miwili ni mingi, nani angemlaumu? Alisema, "Sikushika. Nilimsikia mama yako. Kaka yako alikuwa ameshafariki tangu usiku. Nilijua wiki mbili baadaye na sikumwambia mtu."

Karani alilia kwa hasira, akijifuta kwa ukingo wa aproni. "Mama anakuombea kila siku. Kila siku ya Mungu anataja jina lako!"

"Najua."

"Mimi simwambii. Sitaweza. Umetufundisha mwenyewe, kosa halifutwi, linapigwa mstari lisomeke. Nenda ukapige mstari wako."

Jumamosi asubuhi Sista Kifundo alikwenda nyuma ya stendi, daftari la bluu ndani ya mfuko wa karatasi. Chumba cha fundi kilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja, nguo za watu zimening'inia ukutani na vikaratasi vya vipimo vimebanwa kwa pini. Cherehani ilikuwa inakwenda. Fundi aliinua macho, akamtambua papo hapo, akainuka na pini bado ziko mdomoni. Alizitema kiganjani akacheka.

"Sista wangu! Leo jua limechomoza wapi? Kaa, kaa hapo. Aproni ilikutosha?"

"Sijaivaa bado, dada."

"Mbona hujaivaa? Au mifuko midogo?"

"Dada, nina jambo la kukwambia, na nikishakwambia utanifukuza."

Akamwambia. Hakutumia maneno ya kitabuni. Alisema alivyoweka kipembe, alivyohesabu, alivyofurahi. Alieleza zile namba mbili kwenye jalada moja. Alisema kuhusu ngozi. Alisema mtoto alikuwa ameshafariki kabla ya alfajiri. Fundi alisikiliza akiwa amesimama, na mkono wenye pini ulikuwa unajifunga taratibu mpaka Sista akaogopa zitamchoma.

"Kwa hiyo hakuna aliyemsikia," fundi alisema mwishowe.

"Hakuna."

"Watu wakiniuliza nina watoto wangapi nasema wanne. Mama mkwe wangu alinikatalia, mtoto asiyelia hahesabiwi. Nikamwambia huyu alisikika, yupo shahidi." Sauti yake haikupanda. "Shahidi niliyekuwa naye ni wewe."

Maji yakimwagika hayazoleki, na Sista alikuwa ameyamwaga mara mbili, mara ya kwanza mwanamke huyuhuyu akiwa kwenye uchungu na mara ya pili hapa, kati ya nguo za watu.

"Na hicho ulichosikia, kilikuwa kinakwenda ngapi?"

"Mia moja ishirini na nne."

"Moyo wa mtu mzima mwenye afya unakwenda ngapi?"

"Sabini. Themanini."

Fundi alikaa kwenye kiti cha cherehani. Alifungua kiganja, akazichomeka pini moja moja kwenye kitambaa cha kuwekea pini, na Sista akaona zilikuwa zimemtoa damu kidogo. "Nilikuwa najua," alisema polepole. "Sikujua kwa akili. Lakini mwili ulikuwa unajua na unapiga kelele. Mlikuja watu wangapi pale kitandani? Mapokezi wakauandika. Wewe ukauandika. Mmeuandika moyo wangu mara mbili na hakuna aliyeniuliza nina nini."

Hakuna kitu Sista alichowahi kuambiwa kilichomuuma kama hicho. Miaka yote alikuwa ameandamwa na mtoto. Hakuwahi kumfikiria mama, kwa sababu mama alipona.

Alitoa daftari. Alilifungua ukurasa wa saba, akalilaza juu ya meza ya cherehani, pale wino wa mhuri ulipokuwa umefifia na kuwa wa zambarau. Alipiga mstari mmoja juu ya maneno *mapigo ya mtoto, 124*, yakabaki yanasomeka. Pembeni akaandika: *mapigo ya mama, 124. Mtoto hakusikika.* Akatia saini na tarehe ya siku hiyo. Kisha akarudi juu akapiga mstari wa pili, juu ya AMEWEZA.

Fundi alisoma kila neno kwa midomo. Kidole chake kikashuka kwenye ukurasa, kikasimama chini, kwenye mstari wa mwisho. "Hapa pameandikwa jina la mtoto. Mbona pana kistari?"

"Hakuna aliyekuuliza."

"Lete kalamu."

Aliandika kwa mwandiko wake wa kuandikia vipimo, herufi zimesimama wima, na alichukua muda. Lilikuwa jina fupi. Hakulitamka, na Sista hakuthubutu kulisoma kwa sauti. Wino ulipokauka fundi alilifunga daftari, akavuta droo ya cherehani, akaliweka chini ya mkasi na futi, akasukuma droo mpaka ikagota.

"Hili halirudi kwako," alisema. "Wanabaki wanne."

"Sawa, dada."

"Na wanafunzi wako unawaambia nini kuhusu huo mkono?"

"Nilikuwa nawaambia ni wa faraja."

Fundi alivuta kitambaa, akakiweka chini ya sindano, akakanyaga. Cherehani ikaanza polepole, kisha ikachanganya. Sista Kifundo alisimama. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia sauti nyuma yake, juu ya mlio wa mashine.

"Kawaambie ukweli," alisema fundi bila kuinua macho. "Kawaambie ulinisikia mimi."